Mashine Iliendelea Kumwita Bagas

Kwa dada yangu Wuryani, Balikpapan.

Asalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. U hali gani, dada? Magoti yanakuruhusu kusujudu au bado unaswali kwenye kiti? Na mjukuu wako ameota meno mangapi sasa? Sisi huku Jepara ni wazima, alhamdulillahi, ingawa uzima wenyewe ni wa kukohoakohoa na nguo zisizokauka.

Siku uliponikabidhi seva ya ushirika wetu wa karakana za samani, yenye leseni za programu ya kuchorea, ulinipa na daftari, ukaniambia niandike kila siku nani nimemfungulia na nani nimemfungia, hata kama ni mstari mmoja. Nimeandika miaka mitatu bila kuacha. Msimu huu wa mvua kalamu ilikataa kuishia kwenye mstari mmoja. Nimekunakilia kurasa hizo kama zilivyo. Ningeweza kukupigia simu, lakini kwenye simu ningelia, nawe ungekata ukidhani ni mtandao.

Jumatatu, 4 Novemba

Nimewafungulia wachoraji wote watano. Mvua ya kwanza ya kweli. Ndoo imerudi chini ya tundu la dari, hatua mbili kutoka kwenye seva.

Alhamisi, 7 Novemba

Umeme umekatika mara mbili. Uliporudi, programu ikadai Yuyun bado yumo ndani, haiwezi kumfungulia tena, ilhali Yuyun mwenyewe amesimama mlangoni kwangu anakula ndizi ya kukaanga. Unamkumbuka Yuyun, yule mchoraji wa vitanda, mdomo haufungwi kwa komeo, hata akikuita Bu, mama, kwa heshima.

"Bu Kas, mtoe huyo Yuyun mwingine. Anakalia leseni yangu bure."

"Ungetoka vizuri kabla ya kwenda kula, yasingetokea."

"Umeme umekatika nikiwa kazini, Bu! Sikwenda popote!"

"Na hiyo ndizi imepanda ngazi yenyewe?"

Amecheka mpaka makombo yakamwagika sakafuni kwangu. Nimemtoa Yuyun wa hewani, nikamwingiza wa ndizi.

Jumatatu, 11 Novemba

Mas Bagas, kaka yetu Bagas, amerudi kazini. Huyu hukumkuta, dada. Alikuja baada ya wewe kuondoka. Ni mchoraji wa karakana ya makabati, miaka ishirini na tisa, mpole, ana mke na binti wa miaka minne. Jina lake lote ni Bagas Jagatnata, yaani mtawala wa ulimwengu, na marehemu baba yake alikuwa mpiga msasa. Wiki tatu alikuwa amelazwa. Uso umemvimba, vidole vimevimba. Ni figo. Sasa damu yake itakuwa inasafishwa kwa mashine hospitalini, kila Jumatano na Jumamosi.

"Mashine huku, mashine kule, Bu," ameniambia. "Nimekuwa mtu wa umeme."

Jumatano, 13 Novemba

Nimefungulia wanne. Mas Bagas yuko hospitalini.

Alhamisi, 14 Novemba

Leo Mas Bagas amekuja chumbani kwangu na bakuli mbili zilizofunikwa kwa jani la mgomba. Moja ina uji mzito mweupe wa mchele, nyingine mwekundu wa sukari ya mnazi. Nilijua kabla hajafungua mdomo. Uji huo haupikwi kwa njaa.

"Mama amenibadilisha jina, Bu. Jumapili, baada ya adhuhuri. Majirani wamekuja, wamesoma dua. Anasema lile la zamani lilikuwa zito, mwili wangu umeshindwa kulibeba."

"Sasa unaitwa nani?"

"Waluyo."

Aliyepona. Nimesema amin, jina zuri, nikaonja uji mweupe kisha mwekundu kama inavyotakiwa. Nikadhani yameisha. Kumbe alikuwa hajafika kwenye alilojia.

"Bu, pale ninapofungua programu asubuhi, inaandika 'Karibu, Bagas Jagatnata', kwa herufi kubwa. Na kwenye kona ya kila mchoro, 'Mchoraji: Bagas Jagatnata'. Mama anasema jina la zamani lisiitwe tena popote, hata kwa utani. Linaweza kubadilishwa?"

Nikafungua daftari lako kwenye ukurasa wa leseni. Kumbadilisha mtu: ondoa jina la kwanza, kiti chake cha leseni hukaa kitupu siku thelathini, ndipo uingize la pili. Nikamsomea kama ulivyoandika. Nikamweleza na sababu, kwamba wenye programu hawataki watu kurithishana leseni moja kama shuka la wageni. Nikamkumbusha sakata la mwaka juzi, walipotugundua watu tisa tunatumia majina matano, wakatuandikia barua ya onyo, na Pak Harsoyo, mwenyekiti wetu, akaniketisha nikasaini juu ya stempu kwamba kila jina kwenye seva litakuwa jina la kwenye kitambulisho.

"Siku thelathini siwezi kuchora?"

"Huwezi, Mas."

Ana oda ya hoteli, makabati sitini, kila moja na mlango wake wa nakshi, na michoro yote iwe tayari kabla Januari haijaisha. Mwenye karakana amekwisha mwambia kwamba akishindwa ataketi mtu mwingine kwenye kiti chake. Bima ya hospitali inatoka kwenye kazi hiyo hiyo.

"Basi ngoja nimalize sitini, Bu. Nikimaliza utanitoa, nitakaa hizo thelathini nyumbani, nirudi nikiwa Waluyo mzima."

Nimemwambia ni sawa. Nikaongeza maneno niliyomsikia ustadhi akiyasema, kwamba ugonjwa hausikii majina, kinachosikia ni Mwenyezi Mungu peke yake. Aliitikia kwa kichwa, kwa adabu. Akachukua bakuli zake.

Jumatatu, 18 Novemba

Wote watano. Mvua tangu alfajiri. Yuyun ameanza kumwita Waluyo. Wengine wanasahau.

Jumatatu, 25 Novemba

Umeme umekatika mara nne. Ukirudi, kila mtu anaanza upya, na kila anayeanza anakaribishwa. Nilikuwa juu kwao kufuta maji yanayoingia dirishani, nikayaona kwa macho yangu. Mas Waluyo (nami najizoeza) anabonyeza, kisha anageuza uso ukutani mpaka maandishi yapite. Mara nne. Mara ya nne hakugeuka upesi. Alikaa ameyatazama kama mtu aliyeitwa na mtu anayemdai.

Alhamisi, 28 Novemba

Nimejikaza nikaenda kwa Pak Harsoyo. Amenipa chai, ameniuliza habari za mwanangu, ndipo nikasema.

"Kitambulisho chake kinasemaje?" akauliza.

"Bado Bagas, Pak. Kubadilisha mpaka mahakamani."

"Basi na kwenye seva abaki Bagas. Bu Kasmirah, tulishaonywa mara moja. Wakitunyang'anya leseni, karakana tano zinalala."

"Ndiyo, Pak."

Nilikuwa na swali la pili. Nilitaka kumwomba ruhusa niwapigie wenye programu niwaulize kama hakuna njia nyingine. Lakini mkubwa akishajibu, kumuuliza tena ni kumwambia jibu lako halinitoshi. Unajua tulivyolelewa. Nimelimeza swali pamoja na chai yake.

Jumatatu, 2 Desemba

Yuyun amefanya jambo. Amekata kipande cha karatasi ya kuchorea, akaandika WALUYO kwa kalamu nene, nakshi ya majani pande zote, akakibandika kwa utepe juu ya kioo cha kompyuta ya Mas Waluyo, palepale jina linapotokea.

"Ikikuita tena, hiyo inatangulia kuitika," akamwambia. "Na usininunulie soda. Ninunulie nyama."

Nilikuwa nikimwona Yuyun mtu wa kelele tu. Mwanamke huyu alisimama dakika kumi akipima pale maandishi yanapoanzia na yanapoishia, ili karatasi isimzibie mchoro. Mimi ndiye mwenye funguo, na sikuwaza karatasi.

Alhamisi, 5 Desemba

Mama yake Mas Waluyo amekuja. Mak Saripah, mwanamke mdogo wa umbo, anauza mboga za kuchemsha na mchuzi wa karanga sokoni asubuhi. Alikuja na mvua, akamwachia mwanawe chakula juu, kisha akashuka kwangu. Hakutaka kuketi.

"Wewe ndiye unayeshika majina?"

"Ya kwenye seva, Mak."

"Mwanangu anasema hamtaki kumbadilisha."

"Si kutotaka. Kuna utaratibu. Siku thelathini, na kitambulisho, na..."

"Majirani arobaini wamekula uji wangu. Watoto wadogo wa mtaani wanamwita Waluyo. Yule wa duka la gesi, aliyegombana nasi tangu uchaguzi, anamwita Waluyo. Mmebaki nyinyi."

Nimekasirika, nakiri. Nimemwambia kwa sauti ya chini lakini ya kukata kwamba afya iko mikononi mwa Allah, si mwa programu, na tuwe waangalifu tusije tukaingia kwenye ushirikina.

Akanitazama kama wauzaji wanavyomtazama mteja anayeshika mboga bila kununua.

"Mimi sikusoma, Bu. Hata shule ya Kurani nilitoroka nikauze mchicha. Ninalojua ni moja. Mtu akiitwa, huitika."

Akatoka bila mwavuli. Ameacha tope mlangoni, nami nimelipiga deki nikinung'unika.

Ijumaa, 6 Desemba

Watano. Nimeswali adhuhuri nikapoteza rakaa, nikarudia.

Jumatatu, 16 Desemba

Watano. Michoro thelathini na mmoja imekamilika, kasema Yuyun.

Jumatatu, 23 Desemba

Unyevu umeishinda gundi ya utepe. Karatasi ilianguka asubuhi, umeme ukakatika saa nne, na uliporudi jina likatokea wazi. Nilikuwapo. Mas Waluyo aliitafuta karatasi chini ya meza kwa mikono ya kuvimba, akiinama kwa shida, akaikuta imekanyagwa. Akaifuta kwenye suruali, akairudisha, akaishikilia kwa kidole gumba mpaka maandishi yakapita.

"Mas, unaogopa kweli?" nimemuuliza.

"Sijui kama ninaogopa, Bu. Huyo Bagas alikuwa mgonjwa. Mimi naamka asubuhi nikiwa Waluyo, mke wangu ananiita Waluyo, mtoto anasema Baba Waluyo na anacheka. Nikija hapa nasikia nafuu kidogo, nakaa, nabonyeza, nakuwa tena yule mgonjwa. Kila siku naanzia kwake."

Nimeshuka chini nikatafuta utepe wa kufungia mabomba, ule mweusi wa kunata, nikampandishia.

Nafikiri Mak Saripah nilimsikia vibaya. Nilisikia ushirikina. Alikuwa ananiambia: mwanangu anaitwa jina la ugonjwa wake mbele ya watu, na mwenye kuweza kulinyamazisha ni wewe.

Jumatatu, 30 Desemba

Watano. Mas Waluyo anachora akiwa ameegemeza shavu mkononi. Michoro arobaini na minne.

Jumatatu, 6 Januari

Maji yameingia karakana mbili za chini. Mbao za mtiki zinaelea. Sisi tuko salama, seva nimeiinua juu ya matofali nane. Michoro hamsini na mmoja.

"Imebaki tisa, Bu," ameniambia ngazini. "Andaa zile siku thelathini."

Jumamosi, 11 Januari

Leo tunafunga saa sita. Nimeingia nikamkuta Mas Waluyo mezani kwake.

"Leo si Jumamosi? Hospitali je?"

"Daktari amesema naweza kuruka moja."

Nimemtazama. Macho yalikuwa yamefunikwa na uvimbe. Nilitaka kumwamini, kwa hiyo nikamwamini. Nimemfungulia.

Jumatatu, 13 Januari

Amemaliza. Sitini. Yuyun amepiga makofi, wengine wamemlazimisha aahidi nyama. Saa nane akashuka kwangu, ngazi moja, pumzi mbili, akaketi kwenye kiti changu.

"Nitoe, Bu. Nataka kuona."

Nimefanya kama daftari lisemavyo. Nimemfungulia ukurasa, nimechagua jina, nimebonyeza ondoa. Mashine ikauliza kama nina hakika. Nikamgeukia, akaitikia kwa kichwa. Nikabonyeza. Jina likawa la kijivu, na pembeni pakaandikwa siku thelathini.

"Kwa hiyo sasa haliitwi?"

"Haliitwi, Mas."

"Na Waluyo bado?"

"Mpaka tarehe kumi na mbili mwezi wa pili."

Akatabasamu. Dada, tangu Novemba sikuwahi kuyaona meno ya mtu huyu. "Nitalala," akasema. "Nitalala mpaka nichoke kulala."

Mvua ilikuwa imekatika. Alitembea mpaka barabarani mwenyewe.

Alhamisi, 16 Januari

Wanne. Mas Waluyo amelazwa tena. Yuyun amekwenda kumwona, amerudi hana utani.

Jumanne, 21 Januari

Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Leo alfajiri. Sikumfungulia mtu yeyote. Wachoraji wote tulikwenda. Amezikwa kabla ya adhuhuri kwenye matope, wanaume wakichota maji kaburini kwa ndoo.

Alhamisi, 23 Januari

Siku ya tatu. Nimepeleka mchele na sukari asubuhi, wanawake wengine wako uani wanakatakata vitunguu. Mak Saripah amekaa kwenye mkeka na mjukuu wake mapajani. Aliponiona alinivuta nikaketi karibu. Nilikuwa nimejiandaa kwa lawama. Afadhali angelaumu.

"Bu, kule kazini, jina lilibadilika?"

Nikasema, "Sote tulimwita Waluyo, Mak."

Ni kweli. Na ni uongo. Akaushika mkono wangu, akaniambia ahsante, akasema basi amekwenda akiwa ameitwa vizuri. Wakanifungashia chakula cha dua, wali na kuku na tempe ya soya. Nimefika nacho nyumbani. Kimekaa mezani hakijafunguliwa.

Alhamisi, 30 Januari

Naandika hili kwa shida.

Pak Harsoyo ameniita. Karakana ya makabati imepata mchoraji mwingine, anataka aanze Jumatatu. Kiti bado kinahesabu siku. "Wapigie wenye programu," amesema, "waambie mtu amekufa, wakifungue." Hivi ndivyo alivyonipa namba, dada. Namba niliyoona haya kuiomba tangu Novemba ilikuwa kwenye kikaratasi chini ya kioo cha meza yake. Aliichomoa kwa kucha.

Nikapiga. Akapokea kijana mchangamfu, akaniita Ibu kila baada ya maneno matatu. Nikamweleza kwamba aliyekuwamo ni Bagas Jagatnata, tulimtoa tarehe kumi na tatu ili aingie kwa jina jipya, kabla ya kuingia amefariki.

"Innalillahi. Pole sana, Ibu. Lakini samahani, ni mtu mwingine au ni yeye yule?"

"Ni yeye yule. Alibadilishwa jina."

"Ahaa. Basi hakukuwa na haja ya kumtoa, Ibu. Kutoa ni pale anapokuja mtu mwingine. Jina linaloonekana kwenye kioo na kwenye michoro ni mstari tu, uko chini ya ukurasa wake, unaandika unachotaka. Leseni haiguswi. Wengine huweka hata majina ya utani."

Nikamuuliza inachukua siku ngapi.

"Siku? Hata dakika, Ibu."

Nikafungua ukurasa wakati bado yuko kwenye simu. Nikashuka chini. Sijawahi kushuka chini vile, maana kila ninachohitaji kiko juu. Mstari ulikuwepo. Jina la kuonyeshwa. Umeandikwa kwa Kiindonesia safi, si kwa lugha ya kigeni, mtoto wa darasa la tatu angeusoma. Ulikuwepo tarehe kumi na nne Novemba, nikionja uji.

Kijana aliuliza kama nina swali jingine. Nikasema hapana, ahsante, Mungu akubariki.

Nikakaa. Kisha nikaanza kuhesabu ambayo hayahesabiki. Asingelazimika kukimbiza sitini ili zianze siku thelathini. Asingeiruka Jumamosi ile. Najua siku ya mtu ya kufa imeandikwa, nimeamini hivyo tangu utotoni na nitaendelea kuamini. Lakini Jumamosi ile mkono uliomfungulia ulikuwa huu.

Ijumaa, 31 Januari

Asubuhi, kabla hawajafika, nimeandika Waluyo kwenye ule mstari na kuhifadhi. Kiti chake kimefungwa ila michoro yake bado imo. Nimefungua mchoro wa kwanza, mlango wa kabati wenye maua ya mpera. Kwenye kona: Mchoraji: Waluyo. Nimefungua wa pili. Nimeifungua yote sitini, mmoja mmoja.

Pak Harsoyo sijamwambia. Kitambulisho cha marehemu kinasema jina jingine na mimi nilisaini. Akiniuliza nitamjibu.

Jumanne, 4 Februari

Wanne. Mgeni ataanza wiki ijayo, kiti kikifunguka. Karatasi ya Yuyun bado iko kwenye kioo, hakuna anayethubutu.

Ijumaa, 7 Februari

Nimekwenda kwa Mak Saripah. Nilizunguka soko mara mbili kwanza.

Alikuwa anachambua mchicha. Nimemwambia yote, dada, wala sikujipunguzia. Kwamba siku ile nilimjibu nusu. Kwamba jina halikubadilika mpaka amekwisha zikwa. Kwamba ingekuwa kazi ya dakika moja na sikujua, na sikujua kwa sababu niliona haya kuuliza mara mbili. Kwamba Jumamosi ya tarehe kumi na moja alikuwa kazini.

Mikono yake ilisimama kwenye Jumamosi.

"Aliniambia njia ya hospitali imefurika."

"Mimi aliniambia daktari amemruhusu."

Akarudi kwenye mchicha wake, jani moja moja, mpaka mvua ikaanza na kuacha. Kisha akasema, bila ukali wowote, "Nenda nyumbani, Bu."

Nimekwenda.

Jumatatu, 10 Februari

Wawili tu leo, Yuyun na mwenziwe wana homa. Saa tano Mak Saripah amekuja. Mwavuli safari hii alikuwa nao. Hakusalimu sana.

"Nionyeshe."

Nimempa kiti changu. Nimemfungulia ule mlango wa maua ya mpera. Ameutazama kwa muda, amesema maua haya mwanawe ameyatoa kwenye mti wa jirani, alikuwa anaupanda akiwa mdogo. Kisha akauliza jina liko wapi. Nikamwekea kidole.

"Hii ndiyo Waluyo?"

"Hii yote, Mak. Kuanzia hapa mpaka hapa."

Akaipitisha ncha ya kidole chake polepole juu ya kioo, kuanzia hapa mpaka hapa, kama mtu anayepapasa mshono. Nikamfungulia mwingine. Na mwingine. Kwenye wa saba akasema, pasipo kunitazama:

"Baba yake ndiye aliyetaka Waluyo. Tangu siku ya saba, tulipomnyoa. Alisema, sisi ni watu wa msasa, tumpe jina la afya, linatosha. Mimi nikakataa. Nikasema wa kwangu hatakuwa mdogo, nataka jina la mfalme. Nikanuna siku tatu mpaka akakubali."

Nilifungua mdomo. Akainua kiganja.

"Miezi yote hii nakusema wewe sokoni, mwenye kushika majina, roho ya chuma. Nilikuwa namsema nani? Wewe ulilibakisha miezi miwili. Mimi nililiweka miaka ishirini na tisa." Akafuta kamasi kwa ncha ya mtandio. "Basi tuko wawili, Kasmirah. Fungua mwingine."

Tumeifungua mpaka wa sitini. Adhana ilitukuta kwenye wa hamsini na nane, tukamalizia, tukaenda kuswali bega kwa bega.

Alipoondoka niliongeza ule mstari kwenye daftari lako, dada, chini ya ukurasa wa leseni, kwa wino mwekundu, ili atakayenirithi aukute.

Kurasa zimeisha. Arobaini yake ni tarehe mosi Machi, nami na Mak Saripah tutapika pamoja. Msomee Yasin huko uliko, na unisomee na mimi. Nataka kuona mwandiko wako, hata kama ni nusu ukurasa. Tafadhali nijibu upesi.

Ndugu yako,
Kasmirah